Mlango Unaotazama Mlima

Nyumba ya shosho iko Embu, upande wa Manyatta, pale mashamba ya kahawa yanapoanza kupisha majani chai. Ni nyumba ya mbao na mabati, na mlango wake wa mbele hautazami barabara. Nikiwa mdogo niliamini fundi alikosea. Barabara iko chini, lango liko chini, wageni wote hutokea chini, lakini mlango umewapa mgongo na kukodolea macho migomba.

"Fundi hakukosea," shosho aliniambia siku nilipouliza. "Guka wako alitaka mlango utazame Kirinyaga. Ukiamka unafungua, unamwona Mwenenyaga kabla hujaona mtu."

Nimebeba jina la guka, kwa hivyo shosho huniita mume wangu. Wasee wangu wa Nairobi huangua kicheko wakisikia sauti yake kwenye simu: "Mume wangu, umekula?" Huko ushago hakuna anayecheka. Jina limerudi, mtu amerudi, na mtu akirudi ana haki zake na wajibu wake. Mmoja wa wajibu wangu, tangu shosho alipopata mtoto wa jicho, ni kumwonea vitu.

Desemba moja nilifika kwake na matatu ya asubuhi, tukaketi kizingitini tukimenya viazi. Mawingu yalikuwa yameondoka na mlima wote ulikuwa wazi. Shosho aliinua uso kuelekea huko, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Mume wangu, kuna weupe?"

Nilitazama. Niliona miamba myeusi yenye meno, na katikati yake uzi mwembamba wa kitu cheupe ambacho ningeweza kukifunika kwa ukucha.

"Upo, shosho," nikamwambia. "Mwingi."

Nilidanganya, na makala haya yametokana na uongo huo. Niliporudi Nairobi swali lake halikuniachilia, nikaanza kulifuata nyuma, mwaka hadi mwaka, nikitaka kujua ni nani mwingine aliyewahi kuulizwa kama kuna weupe, na alijibu nini. Nikagundua kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa kuhusu mlima huuhuu zaidi ya miaka 170 iliyopita, na waliolijibu kwa ukweli walikuwa watu wa Embu.

*

Tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na kituo chake Rabai karibu na Mombasa, alikuwa Kitui kwa mtemi na mfanyabiashara Kivoi. Huyu ni Krapf yuleyule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882 baada ya kifo chake. Siku hiyo mawingu yalifunguka, na kwa mbali sana akaona mlima wenye vilele viwili kama pembe, na juu yake kitu cheupe. Wakamba waliokuwa naye waliuita Kiinyaa. Krapf aliandika alivyosikia, na sasa jina hilo liko kwenye pasipoti yako.

Kuona kwa mbali si ushahidi mkubwa. Kilichompa Krapf uhakika ni watu. Alikutana na Waembu, akawauliza kuhusu ule weupe. Wakamwambia hawapandi juu sana kwa sababu ya baridi kali, na kwa sababu ya kitu cheupe kinachoporomoka kutoka mlimani kwa kishindo kikubwa. Jiulize kidogo: mtu anayesema hivyo anasimulia nini? Anasimulia barafu nyingi, nzito, inayosukumana na kumeguka. Krapf alielewa hivyo. Pia aligundua kwamba mito mingine ya eneo hilo hufurika wakati wa mvua kisha hukauka, lakini inayotoka kwenye mlima huu hutiririka hata kiangazi. Akahitimisha kuwa huko juu kuna akiba ya maji, na akiba hiyo ni barafu.

Habari zilipofika Ulaya, wakubwa walicheka. Mwaka uliotangulia mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa ameandika kuhusu theluji ya Kilimanjaro, naye alidhihakiwa na mtaalamu wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Theluji kwenye ikweta? Labda ni mawe meupe. Labda jua limempiga. Ilibidi Joseph Thomson apite Laikipia mwaka 1883 na kuuona mlima mwenyewe ndipo ubishi ukaisha. Miaka 34 ilikuwa imepita.

Katika kisa hiki tunajua jina la mmisionari, la mpinzani wake na la mtemi aliyemkaribisha. Wale Waembu hawana majina. Ushahidi wao ulipita katika daftari la mgeni, ukaitwa wake, kisha ukakataliwa kana kwamba ni njozi zake. Na walikuwa sahihi.

Wala Waembu hawakuwa peke yao kuujua weupe ule. Mama yangu ni Mmeru wa Imenti, na Wameru huuita mlima Kirimaara, mlima wenye mabaka meupe. Watu hawaupi mlima jina la kitu ambacho hakipo. Majina hayo ni kumbukumbu za hali ya hewa zilizowekwa mdomoni kabla ya kalamu. Mtu wa Meru anapotamka Kirimaara leo, anatamka taarifa ya zamani kuhusu jinsi dunia ilivyokuwa.

*

Wageni walipokubali kwamba barafu ipo, walianza kuipima na kuipa majina. John Walter Gregory aliifikia mwaka 1893. Tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder, pamoja na Cesar Ollier na Joseph Brocherel, alifika kileleni Batian, mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na barafuto 18. Barafuto ni mto wa barafu, theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa ikawa ngumu na kuanza kuteremka polepole kwa uzito wake. Kila moja ilibatizwa: Lewis, Gregory, Krapf, Darwin, Heim, Forel, Cesar, Joseph, Tyndall. Hakuna iliyopewa jina la mtu wa Embu wala wa Meru.

Jina la Tyndall lilinisimamisha. John Tyndall alikuwa mwanafizikia aliyefanya kazi London. Mwaka 1859, miaka kumi tu baada ya Krapf kusimama Kitui, alipitisha joto kwenye mirija yenye gesi mbalimbali ili kupima ni gesi ipi inayolizuia. Aligundua kwamba mvuke wa maji na hewa ya kaboni dioksidi hulishika joto, wakati naitrojeni na oksijeni huliacha lipite. Hiyo ndiyo fizikia ya blanketi linaloivika dunia yetu. Miaka mitatu kabla yake, Mmarekani Eunice Foote alikuwa ameonyesha kwa majaribio mepesi kwamba kaboni dioksidi hupata joto zaidi juani. Kwa hivyo kuna barafuto kwenye mlima wetu iliyopewa jina la mtu aliyeeleza kwa nini barafu itayeyuka. Jina hilo linaelekea kudumu kuliko barafu yenyewe.

Na London iliyokuwa ikicheka theluji ya ikweta ilikuwa inafanya nini wakati huo? Ilikuwa ikichoma makaa ya mawe. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, kaboni dioksidi ilikuwa karibu sehemu 280. Leo imepita 420. Afrika nzima, na watu wake zaidi ya bilioni moja, huchangia takriban asilimia 4 ya hewa hiyo inayotolewa duniani kila mwaka. Shosho amepikia kuni maisha yake yote, na gari alilowahi kumiliki ni mkokoteni.

Lakini lazima niwe mkweli, maana nimeanza kwa uongo. Kisa cha barafu yetu hakianzi na gari la mtu. Wanasayansi waliochunguza barafuto ya Lewis, hasa Stefan Hastenrath aliyeifuatilia kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba barafu ya Afrika Mashariki ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, wakati hali ya hewa ya eneo zima ilipokuwa kavu zaidi. Mawingu yalipungua, theluji ikapungua, jua likapiga barafu moja kwa moja. Joto linaloletwa na binadamu lilikuja baadaye na kuimaliza kazi. Mgonjwa alikuwa tayari dhaifu, kisha akaongezwa homa.

Homa hiyo tunaweza kuisoma kwenye vipimo. Lewis ilichorwa ramani kwa makini mwaka 1934, ikapimwa tena miaka ya 1957 na 1958, na mara nyingi baada ya hapo, hadi ikawa mojawapo ya barafuto zinazojulikana vizuri zaidi katika tropiki. Kati ya 1934 na 2010 ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, Gregory, imetoweka. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa ripoti iliyosema Mlima Kenya unatarajiwa kubaki bila barafuto katika miaka ya 2030, na kuwa miongoni mwa milima ya kwanza duniani kupoteza barafu yake yote kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na binadamu. Miaka ya 2030 si mbali. Wewe unayesoma utakuwa bado unalipa mkopo wa HELB.

*

Nilitaka kuiona kabla haijaisha, basi nikapanda. Nilipitia njia ya Chogoria, upande wa mashariki, kwa sababu ni njia ya watu wa mama. Unaanza kwenye msitu wenye miti iliyoota ndevu za kuvu, unaingia kwenye mianzi, kisha miti inakwisha na unatokea uwanda wa nyasi ngumu wenye lobelia na mimea ya seneshio inayosimama kama watu waliojifunga blanketi. Mimea hiyo hukunja majani yake usiku ili chipukizi lisigande, kwa sababu huko juu kila siku ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe. Pimbi walikuwa wakiota jua juu ya mawe, wanono kama wenye nyumba.

Kiongozi wetu alikuwa mzee kiasi, Mchuka, mtu wa maneno machache. Tulifika Lenana, mita 4,985, jua likichomoza. Hapo ndipo Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya huru usiku wa uhuru, Desemba 1963. Nilipiga picha kama kila mtu. Kisha kiongozi akanishika bega akanionyesha chini, upande wa pili wa ukingo.

"Ile ndiyo Lewis."

Nilitarajia mto. Niliona shuka chafu lililotupwa kwenye mawe, la kijivu pembezoni, likitoa maji yenye rangi ya saruji.

"Nilipoanza kazi hii," akasema, "wateja walihitaji kamba na shoka kupita pale. Sasa wanapita na raba za jogging."

Nikamuuliza inamfanya ajisikieje. Alifikiri kwa muda mrefu, halafu akasema nisichosahau: "Wageni huniuliza lini itaisha. Wazee wa nyumbani huniuliza nani ameifukuza."

Hayo ni maswali mawili tofauti. La kwanza sayansi inalijibu kwa tarakimu. La pili linauliza habari za kosa, na mwenye kosa.

*

Niliporudi nilikuwa tayari nina makala yangu kichwani: barafu imeisha, mito imekauka, kwisha. Ilikuwa hadithi safi, na nilipoipeleka kwenye takwimu ikavunjika.

Ukweli ni kwamba barafu iliyobaki ni ndogo mno kulisha mito. Maji yanayoteremka kwenye Rupingazi, Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita kwa sehemu kubwa ni mvua: mvua iliyonyesha msituni na kwenye uwanda wa juu, ikanyonywa na kuvu, na majani yaliyooza, na udongo wa volkano ulio kama sponji, kisha ikaachiliwa taratibu kupitia chemchemi. Akiba ambayo Krapf aliiona kwenye barafu ilikuwa pia, na pengine zaidi, kwenye miti. Barafu ni kipimajoto. Msitu ndio tangi.

Kwa hivyo ilinibidi niulize habari za tangi, na hapo guka akarudi kwenye hadithi.

Guka aliujua msitu ule kwa jembe. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilitaka kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na vijiji vilivyowalisha. Ndege za kivita za Lincoln ziliangusha mabomu msituni, na raia wakalazimishwa kuchimba mtaro kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, mtaro wa takriban maili 50, wenye vigingi vya mianzi vilivyochongwa. Guka alichimba. Shosho, msichana wakati huo, alibeba udongo. Upande wa pili wa mlima, huko Meru, Musa Mwariama na watu wake waliishi ndani ya msitu huohuo mpaka uhuru ukawakuta humo. Msitu uliwaficha, ukawapa maji na asali. Nadhani ndiyo sababu kizazi kile hakikuuita msitu kichaka.

Lakini pia ndicho kizazi kilichofundishwa kwamba msitu ni wa serikali. Kabla ya hapo ulikuwa na wenyewe wa aina nyingine. Meru palikuwa na vichaka vitakatifu vilivyolindwa na wazee wa Njuri Ncheke, na Ziwa Nkunga, karibu na mji wa Meru, lina hadithi za nyoka ambazo zilitosha kumfanya mtu aweke shoka chini. Mgumo haukukatwa ovyo. Hofu hiyo ilifanya kazi ambayo leo inafanywa na askari wa misitu na waya wa umeme. Wamisionari walituambia ni ushirikina. Ukoloni ukaweka mpaka na kuwapa wenye viwanda vya mbao leseni. Uhuru ulipokuja, tulirithi mpaka na leseni, hofu ikabaki kwa wazee.

Mbuga ya taifa ilianzishwa 1949, na UNESCO ikauingiza mlima kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Miaka miwili tu baada ya heshima hiyo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliruka juu ya msitu kwa ndege likaorodhesha kilichokuwa kikiendelea chini ya majani: muthaiti, yaani mti wa kafuri, uliokatwa kwa maelfu, mierezi, matanuri ya makaa, mashamba ya bangi ndani kabisa, hasa upande wetu. Muuru, ambao watu wa mbao waliuita mwaloni wa Meru na ambao asili yake ni huku kwetu mlimani, ulikuwa umekwenda kuwa meza na vitanda vya Nairobi. Pengine unasomea juu ya mmoja. Tangu 2012 waya wa umeme umekuwa ukijengwa kuuzunguka msitu, na sehemu nyingine msitu umepona. Ila Machi mwaka huohuo wa 2012, na tena Februari 2019, moto mkubwa uliteketeza uwanda wa juu, kwa sababu nyasi zilikuwa zimekauka kupita kiasi, na moto haujui waya.

Hapa ndipo sababu za mbali na sababu za karibu zinapokutana. Joto la dunia hukausha nyasi; mkono wa mtu huwasha kiberiti. Hewa yenye joto hunyonya unyevu wa udongo. Jirani hupanda mikaratusi kwenye chemchemi. Ukimlaumu mmoja tu, utakuwa umesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo niliyompa shosho.

*

Teremka sasa kutoka kwa shosho kwenda Mbeere. Ni safari ya chini ya saa mbili kwa matatu, lakini unapita hali za hewa nne: majani chai, kahawa, mahindi na maharagwe, kisha miraa ya nchi kavu, ndengu na mbuzi. Watu wa Mbeere hutegemea zaidi mvua ya mwezi wa kumi kuliko ile ya mwezi wa tatu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikifeli katika sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa nchi. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikokotoa kwamba ukame wa namna hiyo uliwezeshwa zaidi na joto la dunia, angalau mara 100, hasa kwa sababu hewa moto iliunyonya udongo kuliko zamani. Kisha mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, maji yakaja yote kwa pamoja na kubeba watu, madaraja na mashamba. Hayo ndiyo mabadiliko yenyewe. Si kwamba mvua imekufa, imepoteza adabu.

Na usidhani wewe wa Nairobi umekaa jukwaani ukitazama mchezo. Mito yetu hukutana kwenye Tana, na Tana hupita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kujengwa, Kindaruma, lilianza kazi 1968. La mwisho, Kiambere, 1988. Ukame wa 1999 na 2000 ulipokausha mabwawa, nchi nzima iligawiwa umeme kwa zamu. Mwaka 2009 mitambo ya Masinga ilizimwa kwa sababu maji yalikuwa yameshuka mno. Chaji iliyomo kwenye simu unayoisomea makala haya, sehemu yake iliwahi kuwa ukungu juu ya jani la muthaiti.

Upande wa Meru unaotazama kaskazini, kule Timau, mito inashuka kwenda Ewaso Ng'iro. Juu kuna mashamba ya maua na viazi na mabomba ya kila mtu. Chini kuna wafugaji wa Isiolo na Samburu wanaongoja. Katika ukame mkali Ewaso hukauka kabisa karibu na Archer's Post. Vyama vya watumiaji wa maji hukaa vikao, hugawa zamu, hugombana, hupatana. Sijawahi kusoma habari zao katika makala za barafu, ilhali wao ndio wanaoishi ndani ya swali.

Hata kahawa inahama. Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930, wakati kwingine ilikuwa marufuku ili walowezi wasipate ushindani. Mibuni ya guka ililipa karo ya baba. Sasa inatoa maua mara tatu kwa mwaka kila mvua isiyoeleweka inapoigusa, na matunda yanaiva kwa mafungu, kiasi kwamba kuchuma kunagharimu kuliko kuuza. Baba mdogo ameng'oa nusu akapanda makadamia na parachichi. Hajawahi kutamka neno tabianchi. Ameng'oa tu.

*

Nilirudi kwa shosho Aprili iliyofuata nikiwa na haya yote kwenye laptopu. Mvua ilikuwa imechelewa. Tuliketi palepale kizingitini, mlango wazi nyuma yetu, na nikamwambia.

"Shosho, Desemba nilikudanganya. Weupe haukuwa mwingi. Ni kidogo sana. Nimepanda mpaka juu nikaona. Unaisha."

Nilijiandaa kwa machozi, au kwa neno kubwa la kizee kuhusu Mwenenyaga kuhama nyumba yake. Nilikuwa hata nimelitayarishia nafasi kwenye makala.

Akageuza uso wake kwangu. "Sasa kwa nini ulisema upo?"

"Sikutaka uhuzunike."

"Mume wangu," akasema, na kwa mara ya kwanza jina hilo halikuwa mzaha, "mimi sikukuuliza ili nifurahi. Niliuliza ili nijue. Weupe ukishuka chini Desemba, maana yake huko juu kumenyesha vizuri, na mto utatufikisha mwezi wa tatu. Wewe ulisema mwingi. Nikamwita kijana, tukapanda kabichi kule bondeni. Februari zamu ya maji ikafungwa, zikakauka zote. Nilidhani ni macho yangu yaliyokosea, kumbe ni ya kwako."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetumia miezi nikiwakasirikia watu wa London waliokataa ushahidi wa Waembu, na hapa Mwembu mmoja alikuwa ameniomba ushahidi, nikamnyima kwa huruma. Cooley aliwadharau wale watu. Mimi nilimhurumia huyu. Matokeo ya shambani yalikuwa yaleyale.

Nikamweleza basi, kwa kirefu. Kwamba weupe anaouona mtu baada ya usiku wa baridi ni theluji mpya, na huja na kwenda. Ule wa zamani, ule wa kishindo, ndio unaoisha. Kwamba alama yake bado ina maana, maana theluji mpya ni mvua ya huko juu, lakini sasa jua huifagia kabla ya saa nne. Kwamba misimu inayokuja itakuwa na maji mengi kwa siku chache na kiangazi kirefu katikati. Alisikiliza akinikatiza kwa maswali: saa ngapi inayeyuka, msitu wa upande gani uliungua, nani anashika funguo za bomba la juu. Yalikuwa maswali mazuri kuliko yangu.

Mwishowe akanyamaza, akatazama kule mlango unakotazama.

"Mpigie baba yako mdogo," akasema. "Mwambie ile mikaratusi ya bondeni aikate. Mwambie nimesema mimi, na guka wake yupo hapa na anakubali."

Nikatoa simu.